Kuunganisha data sio kuchanganya data

Wiki hii nimesikia tena, mara ya tatu sasa hapa Mwanza, mtu anasimama kwenye kikao cha majaribio ya dawa anasema "jaribio la kwanza lilifeli, tukachanganya data na la pili, ikapita", na watu wanatikisa vichwa kukubali. Ikabidi niandike.

Maana yenyewe fupi. Jaribio la baioekwivalensi ni pale watu, mara nyingi wenye afya, wanapewa dawa ya jeneriki (ile nakala) na ile dawa ya rejea (inayolinganishwa nayo) kwa zamu, katikati wanapumzika mpaka ya kwanza iishe mwilini, na damu inapimwa kila baada ya muda. Unatafuta uwiano wa kiasi cha jeneriki kwa kile cha rejea kwenye damu, na renji ya uhakika ya asilimia 90 ya huo uwiano (confidence interval, yaani kuanzia wapi hadi wapi uwiano wa kweli unakadiriwa kuwa) inatakiwa ikae yote ndani ya asilimia 80.00 hadi 125.00, ndo jaribio limepita. (Sio kwamba kidonge kinaruhusiwa kuwa na asilimia 80 ya dawa, jamani! Hesabu inafanywa kwa logi (logarithm), na 1 gawanya kwa 0.8 ni 1.25, ndo maana namba zimekaa hivyo.) Jaribio likirudiwa unaweza kuunganisha data za yote mawili, na kwa kuwa watu wameongezeka, renji kwa kawaida inakuwa nyembamba.

Sasa neno. Unga, ungana, unganisha. Mfupa uliovunjika unaungwa, mkono umeungana na bega kwenye kiungo, na bado bega ni bega na mkono ni mkono, mshono unauona. Kuchanganya ni kitu kingine: ukishachanganya dagaa wa jana na wa leo kwenye gunia moja hakuna tena wa kukwambia yupi ni yupi. Na ndicho watu wanachofanya, wanakopi mistari ya jaribio la pili wanaipesti chini ya la kwanza kwenye Excel, safu ya kuonyesha mstari umetoka jaribio gani hawaweki, wanabonyeza, wanashangilia.

Nenda soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba uone mizani mbili, moja inazidisha nusu kilo. Ukitaka kujua sangara wa mtumbwi huu na wa ule nani mzito, utawapima wote wawili mizani moja, utaandika tofauti, kesho utawapima wengine wawili mizani nyingine utaandika tofauti tena, halafu hizo tofauti ndo unaziunganisha, kwa sababu kosa la kila mizani limejifuta lenyewe ndani ya siku yake. Majaribio nayo ni hivyo hivyo: maabara tofauti, watu tofauti, pengine hata bechi tofauti. Kwa hiyo kwenye modeli ya takwimu unaweka jaribio kama kigezo, kila mtu anabaki ndani ya jaribio lake, kipindi cha kwanza (ile zamu ya kwanza ya kupewa dawa) cha huku hakihesabiwi ni kitu kimoja na kipindi cha kwanza cha kule, na unaangalia kama tofauti ya dawa hizo mbili inaelekea upande mmoja kwenye yote mawili. Ikiwa moja linasema 88 na lingine 112, wastani utakupa karibu 100 nzuri sana ambayo haikuonekana popote.

Na hilo la "ikapita" linaniuma zaidi. Mwongozo wa EMA, wakala wa dawa wa Ulaya, wa 2010 unasema wazi: uchambuzi wa pamoja unaweza kuutoa kama nyongeza ya uchambuzi wa kila jaribio peke yake, lakini haikubaliki kuunganisha majaribio yaliyofeli wakati hakuna hata moja lililopita, na kuwa na moja lililopita hakukupi ruhusa ya kuyaficha yaliyofeli.

Kwa hiyo ndugu yangu wa kikao cha juzi, kama la pili lilipita lenyewe na jaribio umeliweka kwenye modeli, sema tu "tumeunganisha", umefanya kazi nzuri. Kama ulipesti chini, faili bado unalo, rudisha ile safu halafu endesha upya.