Polisi kwanza au chuo kwanza?

Kila matokeo ya sekondari yanapotoka huletewa swali lilelile, na linatoka kwa wazazi zaidi kuliko kwa vijana wenyewe: aende polisi au aende chuo kikuu? Nashauri vijana kuhusu masomo na ajira, na wengi wanaonijia na swali hili wameshapewa jibu nyumbani. Kuna familia zinazoona upolisi ni kazi ya aliyekosa alama. Nyingine zinaona chuo ni miaka ya kutumia fedha bila kuingiza kitu. Fikra zote mbili zimewapoteza vijana wazuri, wale waliokuwa na moyo wa kazi na wale waliokuwa na kiu ya kusoma.

Watu huuliza kipi ni bora. Mimi huanza na kipi kinaweza kusubiri.

Vyuo vikuu hupokea watu wa umri wowote. Mtu wa miaka 30 au 45 anaweza kuomba nafasi na akaipata. Jeshi la polisi, katika nchi nyingi, lina ukomo wa umri wa kuajiriwa, na ukipita ndiyo basi. Lakini si kila mahali. Uingereza na Wales hakuna ukomo wa juu uliowekwa kitaifa. Unaweza kuajiriwa kuanzia miaka 18, na watu huingia wakiwa wametoka kwenye kazi nyingine kabisa. FBI ya Marekani ni kinyume chake: wapelelezi wake wanatakiwa wawe na shahada ya kwanza, wawe wametimiza miaka 23, na wateuliwe kabla ya kufikisha 37. Anayeitaka kazi hiyo hana hiari, lazima apite chuoni kwanza, na tena asizembee. Kwa hiyo kabla ya mabishano ya sebuleni, tafuta tangazo la ajira la karibuni la jeshi unalolitaka, usome kifungu cha umri na cha elimu neno kwa neno. Nimeona mijadala mirefu ikiisha kwa mistari miwili ya tangazo.

Kuna na jambo la pili linalowashangaza wengi: kuna nchi ambako huchagui kati ya viwili hivi. Norway, kuwa polisi ni kusoma shahada ya miaka mitatu katika chuo kikuu cha polisi. Mwaka wa pili mwanafunzi anautumia kazini, kwenye wilaya ya polisi, chini ya askari mzoefu. Finland nao wana chuo chao Tampere, shahada ya miaka mitatu. Uingereza wana njia ya kuajiriwa na kusomea shahada ukilipwa mshahara, njia fupi ya wenye shahada tayari, na tangu 2024 njia nyingine isiyodai shahada hata kidogo. Huko kijana anauliza aingie kwa njia ipi, basi.

Je, shahada inamfanya mtu kuwa askari bora? Wamarekani wamebishana juu ya hili kwa muda mrefu. Mwaka 1967 tume ya rais kuhusu uhalifu ilipendekeza kwamba, hatimaye, kila askari awe na shahada ya kwanza. Idara nyingi za huko hadi leo zinaajiri kwa cheti cha sekondari. Utafiti wa Jason Rydberg na William Terrill, uliochapishwa 2010, uliangalia askari wa miji miwili ukakuta kwamba waliopita chuoni walitumia nguvu kwa nadra zaidi, ila katika kukamata watu na kupekua hapakuwa na tofauti. Naupenda utafiti huu kwa sababu hauahidi miujiza. Chuo kinaweza kukuzoesha kusikiliza, kupima hoja na kutafuta njia nyingine kabla ya kunyanyua mkono. Hakikupi ujasiri, wala uaminifu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo vijana wengi huamua kwa picha isiyo sahihi. Wanaona gwaride, gari lenye king'ora na ukamataji. Sehemu kubwa ya upolisi ni kuongea na watu waliochanganyikiwa, kisha kuandika. Chukua maelezo ya shahidi. Saa tisa usiku mtu ameporwa mkoba, bado anatetemeka, anasema, "Nilimwona, nikimwona tena nitamtambua." Askari mzuri haandiki hayo akamwambia aende nyumbani. Atauliza: ulimtazama kwa muda gani? Mlikuwa umbali gani? Mwanga ulitoka wapi, na ulimulika uso au mgongo? Kuna kitu kilichokukinga? Uliwahi kumwona kabla? Maswali haya yana historia. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliyaweka wazi katika kesi ya Turnbull mwaka 1976, kwa kuwa watu walikuwa wamefungwa kwa ushahidi wa mashahidi wakweli kabisa, ila waliomtambua mtu siye. Mahakama za nchi nyingi zinazofuata mfumo huo wa sheria bado zinaitumia. Majibu yasipoandikwa usiku ule, kesi itaanguka mbele ya wakili wa utetezi, au mtu asiye na hatia ataenda gerezani.

Kijana akiniambia anachukia kuandika ndiyo maana anataka polisi, namwonyesha maswali hayo. Wengine huishiwa hamu papo hapo. Wengine macho huwaka, na hao huwa nawaamini.

Chuo nacho kina ugumu wake usiotangazwa. Depo, yaani kwenye kambi ya mafunzo ya polisi, unaamshwa, unapangiwa, unaulizwa uko wapi. Chuoni hakuna anayekuuliza. Unapewa kazi ya kuandika leo, inatakiwa baada ya wiki sita, na katika wiki tano za kwanza hakuna atakayejua kama umefungua hata kitabu kimoja. Kijana aliyezoea kusukumwa anaweza kuzama humo bila kelele. Kwa mtu wa namna hiyo, miaka michache ya kazi yenye nidhamu kabla ya masomo inaweza kuwa msaada mkubwa. Ila asiende polisi kwa ajili ya kunyooshwa tu. Anapewa mamlaka ya kumnyima mtu uhuru wake, na wananchi hawastahili kuwa mahali pa yeye kujifunzia kujitawala.

Msimamo wangu ni huu. Kama unataka upelelezi wa fedha, uhalifu wa mtandaoni au maabara ya uchunguzi wa jinai, soma kwanza: uhasibu, kompyuta, kemia. Ujuzi huo haupatikani depo, na ukishaingia kwenye zamu ni vigumu kuupata. Zamu ya usiku, wito wa dharura, uhamisho wa ghafla. Nimewaona askari wakiacha masomo ya jioni muhula wa kwanza, na si kwa uvivu. Kama unachotaka ni doria, kuhudumia watu na kujenga cheo kutoka chini, na chuo unakifuata kwa sababu wenzako wote wanakwenda, ingia polisi. Usichukue mkopo wa kusomea kitu usichokitaka.

Lakini kabla ya kusaini chochote, uliza masharti. Kuna majeshi yanayokufunga kuyatumikia miaka kadhaa baada ya mafunzo, au kukutaka urudishe gharama ukiondoka mapema. Uliza kama ruhusa ya masomo hutolewa, baada ya miaka mingapi, na kama mshahara unaendelea. Upande wa chuo, uliza kama unaweza kuahirisha udahili kwa mwaka mmoja, na jibu ulipate kwa maandishi. Tena uwe na mpango iwapo polisi hawatakuchukua, kwa kuwa uchunguzi wa afya, macho hasa, huwatoa watu waliofaulu kila kitu kingine. Pima macho yako mapema, pamoja na uwezo wa kutofautisha rangi. Na ukichagua chuo, jiepushe na mambo yatakayokuletea rekodi ya jinai, maana uchunguzi wa mwenendo utarudi nyuma hadi kwenye miaka yako ya uanafunzi.

Mwisho, tafuta askari mwenye miaka kama kumi kazini, umwombe saa moja ya muda wake. Usimuulize kama anaipenda kazi. Muulize wiki iliyopita alifanya nini, siku kwa siku. Kama ana mwenza, na wako tayari, muulize naye sikukuu iliyopita waliiadhimisha vipi. Fanya vivyo hivyo kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi unayoifikiria. Ukishamaliza mazungumzo hayo mawili, njoo na mzazi wako tukae watatu.