Kikombe cha unga si robo kilo

Wapishi wengi wa maandazi hapa Mwanza wanaamini kikombe kimoja ni robo kilo, kiwe cha unga, sukari au chumvi. Hesabu hiyo imetoka kwenye maji: kikombe cha kupimia cha mililita 250 kikijaa maji, kweli kina gramu 250. Kwa vitu vikavu haifai.

Kikombe hichohicho cha unga wa ngano kina gramu 130 hivi, karibu nusu tu ya zile zinazodhaniwa. Sukari hufika kama 200, mchele karibu na hapo. Chumvi laini ndiyo inayoyapita maji, karibu 300. Kikombe hupima nafasi, na unga una hewa nyingi kati ya chembe zake. Ujaze kwa kijiko taratibu, kisha kigongegonge kikombe mezani: unga unashuka, pengo linabaki juu. Ukichota moja kwa moja kwenye mfuko na kushindilia, utapata gramu 150 au zaidi. Ndiyo maana mapishi yaleyale leo yanatoa maandazi laini, kesho magumu, na lawama inaangukia hamira!

Anayenunua dagaa wakavu kwa ndoo Mwaloni, Kirumba, hategemei ndoo ya lita 20 iwe na kilo 20. Akifika jikoni anasahau.

Mwenye mizani apime kwa gramu. Huna? Fungua unga wa kilo moja, hesabu vikombe hadi uishe (saba au nane hivi), kisha gawa 1,000 kwa idadi hiyo. Hata kikombe cha chai kitafaa.