Mnato: kinachoamua rangi itatambaa, itatulia au itachuruzika ukutani

Mnato ni ukinzani wa ndani wa kimiminika dhidi ya kutiririka. Kimiminika kinapotambaa juu ya meza, sehemu yake ya chini kabisa inashikana na meza na haisogei. Ya juu yake inasogea kidogo, na ya juu zaidi inasogea zaidi. Mnato ndio unaoonyesha matabaka hayo yanazuiana kiasi gani. Hupimwa kwa paskali-sekunde, na kwa vimiminika vya kila siku hutumika sehemu yake ya elfu, mPa·s. Maji ya nyuzi joto 20 za Selsiasi yana mnato wa 1 hivi, mafuta ya kupikia makumi kadhaa, gliserini kama 1,400, na asali hufika maelfu.

Wengi huamini kwamba kimiminika chenye mnato mdogo ndicho kinachofika mbali. Ukweli ni kwamba mnato hupanga kasi tu. Umbali hutegemea ujazo uliomwagwa, mvutano wa uso wa kimiminika (nguvu inayokifanya kijikusanye), na jinsi mahali penyewe panavyokubali kulowa. Zebaki ina mnato wa kama 1.5, karibu sawa na maji, lakini tone lake dogo juu ya kioo hubaki duara, halitandai. Kinyume chake, vimiminika viwili vinavyofanana kwa kila kitu isipokuwa mnato vitaishia kwenye upana uleule. Chenye mnato mara kumi kitachukua muda mara kumi kufika.

Rangi ya ukutani inaonyesha jambo hili vizuri, kwa sababu inadaiwa mambo mawili yanayovutana: itiririke vya kutosha ili alama za brashi zifutike, na isitiririke kiasi cha kuacha michirizi. Ndiyo maana rangi nyingi za maji hutengenezwa zibadili mnato zenyewe. Brashi ikizisukuma, mnato unashuka sana na rangi inateleza. Brashi ikiondoka, mnato unapanda tena. Ukiongeza maji kupita kiasi, unapunguza hasa ule mnato wa wakati wa kutulia, ambao ndio unaoishikilia rangi ukutani.

Lakini kabla ya kulaumu mnato, angalia unene wa mkono wa rangi, yaani tabaka moja la upakaji. Chukua rangi ya mnato wa 5,000 mPa·s, yenye uzito wa kilo 1.2 kwa lita, iliyopakwa unene wa milimita 0.1. Uso wake unashuka kama milimita 0.7 kwa dakika. Ipake milimita 0.2, na uso unashuka karibu milimita 3 kwa dakika, huku kiasi cha rangi kinachoteremka kikiwa mara nane. Kuupunguza mnato kwa nusu kungeongeza mteremko huo mara mbili tu. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya michirizi ni kupaka mikono miwili myembamba badala ya mmoja mzito.

Alama za brashi nazo zina hesabu yake. Muda wa kufutika hukua sambamba na mnato, lakini hukua kwa kipeo cha nne cha nafasi kati ya mfereji na mfereji. Brashi yenye nywele ngumu ikiacha mifereji iliyoachana mara mbili zaidi, itahitaji muda mara kumi na sita kusawazika, na rangi itakauka kwanza. Brashi laini inasaidia kuliko chupa nzima ya thina.

Jua la saa saba linachanganya mambo. Ukuta wa moto hushusha mnato kwanza, kisha maji au thina hutoka haraka na mnato hupanda ghafla. Ukirudi kuunganisha kipande cha jirani, kingo zake zimeshakauka na mshono unabaki ukionekana. Paka upande wenye kivuli, na usiache ukingo ukauke kabla hujaufikia.

Kuzimua kuna nafasi yake, ila fuata lebo. Ikiruhusu asilimia 10, ndoo ya lita 20 inachukua lita 2, si zaidi. Tia kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka chini, kwani sehemu nzito hulala kwenye sakafu ya ndoo. Kwa rangi ya kupuliza, usikadirie kwa jicho. Tumia kikombe cha kupimia, mfano kile cha mililita 100 chenye tundu la milimita 4. Kijaze, achilia tundu, hesabu sekunde hadi mtiririko ukatike, kisha linganisha na maelekezo ya mtengenezaji. Pima rangi ikiwa kwenye joto lilelile kila mara, la sivyo sekunde hizo hazilinganishiki.

Na rangi ikijikusanya na kuacha madoa matupu, kama kwenye ukuta wa jikoni wenye mafuta, usiongeze thina. Hapo tatizo ni ukuta kukataa kulowa. Uoshe kwa sabuni, usuuze, uache ukauke, ndipo upake.