Je, wajua kwa nini Uingereza watu hupigania daktari saa 2 kamili asubuhi?

Majira ya baridi ya 2022 nililala kwa shangazi yangu, Leicester. Saa 1:55 asubuhi nilimkuta ameshakaa kitako jikoni, simu iko mezani kwa sauti ya juu, miwani imeshuka puani, na daftari la dawa zake za presha limefunguliwa. Goti lilikuwa limemvimba siku ya nne, na alikuwa anasubiri saa 2 igonge ampigie daktari wake wa familia. Tulipiga saa 1:59, mashine ikasema kliniki imefungwa. Tukapiga tena saa 2:01, ikasema sisi ni wa 34 kwenye foleni. Tulisikiliza muziki wa simu dakika 26, chai ikapoa, kisha binti wa mapokezi akatuambia kwa upole kwamba nafasi za leo zimekwisha, tujaribu kesho saa 2.

Shangazi akafunga daftari. "Mwanangu, kweli mji mzima umeugua siku moja?"

Swali lake nimekuwa nalo tangu siku hiyo. Jibu fupi ni kwamba mji haukuugua siku moja. Uliitwa dakika moja. Na kuna sababu za miaka mingi zilizofanya uitwe hivyo. Nazungumzia England hasa, maana Scotland na Wales zina taratibu zao.

Kwanza tuelewe huyu daktari ni nani. Kwetu mtu akiumwa goti anakwenda zahanati, au akiwa na fedha anakwenda moja kwa moja kwa bingwa wa mifupa. England mlango ni mmoja. Unasajiliwa kwenye kliniki ya mtaani kwako, na daktari wa hapo, ambaye wenyewe humwita GP, ndiye anayekutibu karibu kila kitu na ndiye anayeandika rufaa. Bila barua yake humwoni bingwa wa moyo wala wa ngozi, labda iwe ajali na dharura, au ulipe mwenyewe. Mpango huu ulianza tarehe 5 Julai 1948, Aneurin Bevan akiwa waziri wa afya, na kumwona daktari ni bure hadi leo. Faida yake ni kubwa mno, nami siibezi. Ila mlango ukiwa mmoja, wote mnabanana hapo hapo.

Kitu ambacho wageni wengi hatukijui ni kwamba kliniki nyingi za aina hii si mali ya serikali. Madaktari wa 1948 walikataa kuwa waajiriwa, wakakubaliana wabaki watu wa kujitegemea wenye mkataba na serikali. Sehemu kubwa ya malipo yao hutokana na idadi ya watu waliosajiliwa kwao, kwa fomula inayoangalia umri na hali za watu hao. Uende mara kumi kwa mwaka au usiende kabisa, fungu lako ni lile lile. Kwa hiyo mahitaji ya miadi yakipanda, fedha hazipandi pamoja nayo.

Na yamepanda. Mwaka 2015 waliosajiliwa England walikuwa takriban milioni 57, na kufikia 2023 wamepita milioni 62, huku madaktari kamili wa familia, ukiwahesabu kwa muda kamili wa kazi, wakiwa wamepungua. Daktari mmoja akawa na watu kama 2,300. Tena hawa si wagonjwa wa kikohozi tu. Ni wazee wenye sukari, presha na mapafu kwa pamoja, na muda uliozoeleka wa kumwona kila mmoja ni dakika 10. Kuna jambo jingine linalouma. Tangu 2019 serikali ilitoa fedha za kuajiri wafamasia, wataalamu wa viungo na wengineo kwenye kliniki hizo, lakini fungu hilo halikuruhusiwa kuajiri madaktari. Matokeo yake, kufikia 2024 madaktari wapya waliohitimu walikuwa wanatafuta kazi huku wagonjwa wakitafuta madaktari. Kanuni hiyo ililegezwa Oktoba 2024.

Lakini uchache wa madaktari hauelezi kwa nini iwe saa 2. Uchache ungeweza kuleta foleni ya wiki tatu, iliyotulia, kila mtu na tarehe yake. Vita vya asubuhi vina historia yake.

Mwaka 2000 serikali ya Tony Blair iliahidi kwamba ifikapo 2004 mgonjwa ataweza kumwona daktari wa familia ndani ya saa 48. Nia ilikuwa njema kabisa. Wakati huo huo kulikuwa na wazo kutoka California la kufanya kazi ya leo leo: usirundike miadi ya mwezi ujao, acha nafasi wazi, anayeumwa leo aonwe leo. Wazo hilo hufanya kazi pale ambapo nafasi za siku zinatosha wagonjwa wa siku. Zisipotosha, linageuka mbio. Sasa jiweke kwenye nafasi ya meneja wa kliniki anayepimwa kwa saa 48. Miadi ya wiki ijayo, hata kama mgonjwa mwenyewe ndiyo anayoitaka, inakuharibia hesabu. Dawa rahisi ni kufunga daftari la siku za mbele na kumwambia kila mtu apige simu asubuhi ya siku anayotaka kuonwa.

Aprili 2005, siku chache kabla ya uchaguzi, mama mmoja alisimama kwenye kipindi cha televisheni mbele ya Blair mwenyewe. Alimweleza kwamba daktari alitaka kumwona mwanawe tena baada ya wiki moja, lakini mapokezi hawakukubali kumwandikia miadi hiyo, kwa sababu ya sharti la saa 48. Ilimbidi akae na simu asubuhi. Blair alishangaa waziwazi, akawauliza waliokuwa ukumbini kama na wao yamewakuta, na wengine wakasema ndiyo. Waziri mkuu hakuwa na habari na kitu ambacho kila mama mwenye mtoto alikuwa anakijua! Sharti lenyewe lilifutwa 2010. Mazoea ya kupiga asubuhi yalibaki katika kliniki nyingi, na saa yenyewe ni 2 kwa sababu mkataba unazitaka kliniki zifungue saa 2 asubuhi hadi saa 12:30 jioni.

Hebu tuhesabu asubuhi moja, kwa mfano wa kubuni. Kliniki ina nafasi 40 za siku hiyo na wahudumu watano wa simu, kila simu inachukua dakika 3. Nafasi 40 zinaisha kwa dakika 24. Wakipiga watu 100 saa 2 kamili, 60 watakosa, na wengi wao watakuwa wamesubiri nusu saa au zaidi ili waambiwe wamekosa. Kesho yake hao 60 wanapiga tena, juu ya wagonjwa wapya wa kesho. Wengine wanapigiwa na mume na mtoto, simu tatu kwa mgonjwa mmoja. Simu zinaongezeka wakati wagonjwa hawajaongezeka, na wahudumu wanautumia muda wao mwingi kusema hapana.

Hisabati ya foleni, kwa kweli, ilizaliwa kwenye simu. Agner Krarup Erlang, mhandisi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha andiko lake la kwanza kuhusu jambo hili mwaka 1909. Hesabu zilizokua kutokana na kazi yake zinaonyesha kitu ambacho akili haikitarajii. Chukua mhudumu mmoja, wateja wanaokuja bila mpangilio, na wastani wa dakika 10 kwa kila mteja. Akiwa na shughuli asilimia 80 ya muda wake, mteja husubiri kwa wastani dakika 40. Akifika asilimia 90, ni dakika 90. Akifika asilimia 95, dakika 190. Kazi imeongezeka kidogo tu, kusubiri kumekuwa karibu mara tano. Kwa hiyo kliniki ambayo kila dakika ya daktari imejaa, hata ikipendeza kwenye ripoti, ndiyo ambayo mtu mmoja wa ziada anaivuruga. Nafasi iliyoachwa wazi si uvivu. Ndiyo inayoizuia foleni isilipuke.

Kinachonisumbua zaidi ni nani anayekosa. Kwetu foleni ina sura. Unafika zahanati alfajiri, unauliza "wa mwisho nani hapa?", unakaa kwenye benchi, na akiingia mama na mtoto anayetetemeka kwa homa, watu wanasogea bila kuambiwa. Foleni ya simu haina macho. Haimwoni anayetetemeka, inamwona aliyepiga sekunde ya kwanza. Na sekunde ya kwanza ni ya mwenye nafasi ya kushika simu. Anayehudumia wazee, saa 2 yuko anamwogesha mtu. Dereva wa basi yuko kwenye usukani. Mfanyakazi wa ghala, simu ameiacha kabatini. Waswahili wangapi tunafanya kazi hizi? Mwaka 1971 Julian Tudor Hart, daktari wa familia katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, aliandika kwamba huduma nzuri ya afya huwa haba zaidi pale inapohitajika zaidi. Foleni ya saa 2 inamthibitisha kila asubuhi.

Uingereza haiko peke yake. Januari 2025, Walkerton, mji mdogo wa Ontario nchini Kanada, daktari mmoja alitangaza kupokea wagonjwa 500 wa kwanza. Walijitokeza zaidi ya 1,000, wakapanga mstari kwenye theluji. Hao walikuwa hawatafuti miadi, walikuwa wanatafuta kuwa na daktari.

Kuna yaliyobadilika England. Tangu 2023 kliniki haitakiwi kukwambia "piga kesho". Inapaswa kukupima shida yako au kukuelekeza pa kwenda ulipowasiliana nayo mara ya kwanza. Ndiyo maana mhudumu wa mapokezi anauliza unaumwa nini. Wazee wetu huona ni utovu wa adabu kumweleza binti asiye daktari, lakini anajaribu kumtambua yule anayetetemeka. Ukiona aibu, mwambie ni jambo la faragha, inatosha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 kliniki zinatakiwa kuacha fomu ya mtandaoni wazi saa zote za kazi kwa shida zisizo za dharura, kwa hiyo anayetoka zamu saa 9 hajachelewa. Na tangu Januari 2024 mfamasia wa mtaani anaweza kukupa dawa za baadhi ya maradhi bila daktari: koo, sikio la mtoto, mkanda wa jeshi, maambukizi ya mkojo kwa wanawake. Kusajiliwa hakuhitaji pasipoti wala kibali cha kuishi, na mkalimani ni bure ukimwomba wakati wa kuweka miadi.

Nina hofu moja na haraka hii yote: kila anayepewa nafasi ya leo anapewa daktari yeyote wa leo. Utafiti wa Norway uliotoka 2021, wa watu zaidi ya milioni nne, uliona kwamba waliokaa na daktari mmoja kwa zaidi ya miaka 15 walilazwa hospitali na kufariki kwa kiwango cha chini, takriban robo moja pungufu, kuliko waliokuwa naye kwa mwaka mmoja au chini yake. Daktari anayekujua anaona rangi yako imebadilika kabla hujafungua mdomo.

Vuli iliyopita tuliijaza fomu ya shangazi saa 9 alasiri, mimi nachapa, yeye anasema. Goti, tangu lini, linauma zaidi akipanda ngazi, vidonge gani ameshameza. Mwishoni palikuwa na kisanduku cha kuandika ungependa kuonwa vipi. Akaniambia niweke jina la daktari yule aliyemtibu presha miaka yote, na niandike kwamba hata wiki mbili atasubiri. Kesho yake ujumbe ukaingia: Jumanne, saa 4:20, kwa daktari yule yule. Akauandika kwenye daftari, chini ya dawa zake.