Dunia ikishakwisha, mwari nani atamcheza?

Kazi yangu kuhariri hadithi za vijana, na siku hizi napokea sana miswada ya "dunia imeangamia", karibu yote msichana wa miaka 13 kashika bunduki anakimbia jangwani. Jamani jangwa lipi, sie watu wa visiwani!

Maangamizi yetu huna haja ya kuyafuata mbali. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari, na kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tulikaa kizani, pampu zimelala, mferejini hata tone, madumu kichwani kwenda kisimani na kurudi. Sasa zidisha hapo, meli nazo haziji tena, na mchele tunaokula mwingi unavuka bahari, kwahiyo umebaki muhogo, shelisheli na kinachotoka pwani.

Pwani ndo pana hadithi. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali mno na wanawake wanashuka na vijiti kutafuta pweza. Simu zimekufa, kalenda hakuna, anaejua kuhesabu mwezi ndo anaekula. Na mwezi huohuo ndo msichana atakaohesabia mwili wake, si tunasema "kaingia mwezini"? Lugha imeshakufanyia nusu ya kazi halafu wewe unaniletea bunduki.

Nusu ya pili ni somo, yaani mwanamke wa kumfunda mwari. Kwetu mtoto akivunja ungo hamwambii mama, haya, anakwenda kwa somo wake, na huko ndo kuna unyago na ngoma ya msondo (Bi Kidude, alofariki 2013, wengi wanamjua kwa taarab tu lakini unyago alikuwa fundi hasa). Sasa kama somo kafa na njaa? Na kama wenye nguvu wanagawa wasichana kwa wanaume siku tu wakisikia kavunja ungo? Hapo habari yenyewe ndo hatari, mtoto anakua huku anaficha kuwa anakua.

Mswada mmoja ulinishika. Msichana anafua kitambaa chake usiku kisimani walinzi wasimuone, bibi mmoja asoona vizuri anapapasa kanga ya maji, hasemi kitu, anageuza dumu tupu na kuanza kulipiga polepole kwa vidole.

Nilimrudishia mwandishi na sahihisho moja tu, asubuhi yake kawapeleka kwenye bamvua na juu kaweka nusu mwezi. Nusu mwezi ni maji mafu, wangerudi na ndoo tupu.