Henry Hyde: Mhafidhina wa Illinois Aliyebeba Muswada wa PEPFAR

Mpango wa PEPFAR wa serikali ya Marekani, uliogharamia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa wagonjwa wengi wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, ulitokana na sheria iliyowasilishwa katika Bunge la Marekani na mtu ambaye wengi wasingemdhania: Henry Hyde wa chama cha Republican, mpinzani mkubwa wa utoaji mimba.

Hyde alizaliwa Chicago mwaka 1924. Alipigana Vita vya Pili vya Dunia akiwa mwanamaji, akasomea uwakili, akapitia bunge la jimbo la Illinois, na Januari 1975 akaingia Baraza la Wawakilishi mjini Washington. Alikaa humo miaka 32.

Mwaka 1976, akiwa bado mgeni na chama chake kikiwa cha wachache, alichomeka kifungu kwenye muswada wa bajeti: fedha za serikali kuu zisilipie utoaji mimba kupitia Medicaid, mpango wa matibabu kwa watu wa kipato cha chini. Uhalali wa utoaji mimba hakuugusa, alikaba mfuko. Mahakama ya Juu ilikibariki kifungu hicho mwaka 1980 kwa kura 5 dhidi ya 4, na hadi leo huhuishwa bajeti kwa bajeti. Waliompinga walisema, na hapa ni vigumu kuwabishia, kwamba mzigo ulimwangukia mwanamke maskini peke yake.

Mwaka 1995 Republican walishika Bunge, naye akawa mwenyekiti wa Kamati ya Sheria. Ndiye aliyeongoza mashtaka ya kumwondoa madarakani Rais Bill Clinton, ambaye Seneti ilimwachia huru mwaka 1999. Mwaka huohuo wa 1995 chama chake kilitaka Katiba iweke ukomo wa vipindi vya wabunge. Hyde akasimama kukipinga chama chake mwenyewe, akitetea uzoefu. Pendekezo lilipata kura 227, chini ya theluthi mbili zilizohitajika. Hata hivyo ukomo ulimfuata kwa mlango mwingine: kanuni mpya iliyoletwa na chama chake iliwapa wenyeviti wa kamati miaka sita tu. Mwaka 2001 akaachia Kamati ya Sheria, akapewa ya Uhusiano wa Kimataifa. Bila kanuni hiyo, huenda masuala ya Afrika yasingefika mezani kwake kabisa.

Januari 2003 Rais George W. Bush alitangaza dola bilioni 15 za kupambana na UKIMWI kwa miaka mitano. Hyde akauandaa muswada pamoja na Tom Lantos, Mdemocrat wa California aliyenusurika mauaji ya Wayahudi, na Baraza likaupitisha kwa kura 375 dhidi ya 41. Wahafidhina hawakutoka mikono mitupu: theluthi moja ya fedha za kinga ilitengewa mafunzo ya kujizuia na ngono hadi ndoa, sharti lililolalamikiwa sana na wataalamu wa afya. Bush alitia saini tarehe 27 Mei.

Hyde alistaafu Januari 2007 na kufariki Novemba. Lantos akafuata Februari 2008. Julai mwaka huo Bunge liliongeza muda wa mpango kwa dola bilioni 48, likaipa sheria majina yao wote wawili na kulegeza lile sharti la theluthi.