"Ndiyo" ya Mjapani si ya kuficha neno

Imani ya siku nyingi kwamba Mjapani husema ndiyo huku akimaanisha hapana, eti kwa adabu iliyopita kiasi, haielezi kinachomkwaza anapoulizwa kwa Kiingereza, "Don't you like it?" (Hukipendi?) Adabu ipo, sikatai, lakini chanzo ni sarufi: "hai", yaani ndiyo ya Kijapani, huthibitisha kauli ya muulizaji, kama sisi tunavyoulizwa "Hujala?" tukajibu "Ndiyo, sijala", ilhali Kiingereza hudai "no" kila jibu linapokuwa kanushi, vyovyote swali lilivyoulizwa. Gumu zaidi ni "Do you mind if I sit here?" (Je, utakerwa nikiketi hapa?), kwani anayeitikia "yes" kwa ukarimu huwa, kisarufi, amemnyima mwenzake kiti, ingawa Waingereza wenyewe mara nyingi hujibu "sure" (bila shaka) na mtu akaketi.